Nyoka Wakali wa Uwanja wa Zamani

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba! Uwanja unachukuliwa.

Nimetoka shule, nikakata njia uwanjani kama kawaida, na katikati ya nyasi nikamkuta mtu amesimama nyuma ya chombo cha miguu mitatu, jicho moja amelifumba. Kofia pana. Shavu moja limevimba. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anatazama ndege. Akasema hapana, binti, yeye ni mpima ardhi, na hapa zitajengwa nyumba. Nikauliza nyumba ngapi. Akasema nyingi. Tena alisema kwa furaha!

Huu ni uwanja wa michezo, ingawa michezo yenyewe ilihama kabla sijazaliwa. Magoli yapo, nyavu hazipo. Jukwaa lipo, mbao zake za kukalia zilishageuka kuni. Nyasi zinafika kiunoni. Kitu kimoja tu bado kinatumika: njia ya wakimbiaji inayouzunguka uwanja mzima, udongo mwekundu, tambarare kama meza. Na anayeitumia ni mtu mmoja tu. Bibi.

Bibi alipatwa na kiharusi mwaka jana. Mguu wa kushoto haumsikii tena vizuri, anauburura. Nesi wa zahanati alimwambia dawa ni kutembea kila siku, mahali pasipo na mashimo. Mtaani kwetu kuna mitaro, pikipiki na mawe. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi huvaa raba za marehemu Babu, huchukua mkongojo wake na kwenda uwanjani. Mwanzoni alifika golini tu akarudi. Sasa anamaliza mzunguko mzima, na anarudi na habari za watu. Sijapata kuona mtu shupavu kama yeye, na nimesoma historia.

Basi uwanja hautajengwa. Nimeamua. Bibi sijamwambia. Ataniita "mke mwenza" na kucheka. Ndilo jina langu kwake tangu Babu alipotangaza kuniposa, nikiwa bado kwenye nepi. Nitamwokoa kimyakimya. Atashtukia tu ameokolewa.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati wa kwanza. Safi kabisa!

Uwanja unachukuliwa kwa sababu unaonekana hautumiki. Dawa ni uonekane unatumika. Wakati wa mapumziko nikasimama mbele ya darasa, nikatangaza mechi ya netiboli Jumamosi, uwanja wa zamani, na kwamba leo jioni tunakwenda kufyeka. Nilitumia methali mbili. Wote wakakubali, isipokuwa Kamusi.

Kamusi ndiye anayeshika nafasi ya kwanza darasani. Mimi ya pili. Kila muhula. Tunamwita Kamusi kwa sababu ukikosea neno yeye analijua, na atalisema kabla hujapata muda wa kuona haya. Akauliza mbele ya wote, kwani nyumba zina ubaya gani? Nikasema mtu asiyependa michezo hawezi kuelewa. Akasema michezo anaipenda, ila haijawahi kumkinga na mvua. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba kamusi ni kitabu, na kitabu hukaa kabatini. Hawakucheka sana.

Jioni akaja vilevile, na fyekeo lake begani. Akafyeka kuliko sisi wote. Ndivyo alivyo!

Tulifyeka hadi viganja vikatoka malengelenge. Goli hadi goli, na zile nyasi zilizokuwa zimeizunguka njia nazo tukazilaza, uwanja ukawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Nikapanda jukwaani kuutazama. Fahari! Ndipo mpima ardhi akaja mbio, kofia mkononi. Nikajiandaa kwa mabishano makali. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili! Akasema Mungu atubariki, nyasi zilikuwa zinamziba macho, alikuwa anahangaika kutafuta vibarua, sasa kazi yake itakwisha mapema. Akatugawia biskuti.

Kamusi akaila ya kwake polepole, ananitazama. Kisha akasema, "Hongera, mwokozi. Umewafyekea."

Jumatano, 6 Agosti

Mkakati wa pili. Huu hauna kasoro. Nyoka!

Hakuna mtu mwenye akili atakayejenga juu ya nyoka. Ubao nimeupata: ulikuwa mlango wa banda letu la kuku, enzi tulipokuwa na kuku. Rangi ni dawa nyeusi ya viatu. Nimeandika hivi: TAHADHARI! NYOKA WAKALI WANAISHI HUMU. TAFADHALI USIWASUMBUE. Nikapigia mstari kwa rula. Mwalimu wetu husema tangazo lisilo na adabu halisomwi. Nikalisimamisha kabla ya kwenda shule.

Matokeo. Mpima ardhi alilisoma lote, akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda dukani, akarudi amevaa mabuti ya mpira. Akaendelea kupima! Vigingi vyake ndiyo kwanza vimeongezeka: vya mbao, vinafika magotini, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Wanetiboli wangu nao wamejitoa mmoja mmoja. Mfungaji wetu ameniambia anapenda ushindi, lakini anapenda vifundo vyake vya miguu zaidi.

Hayo si kitu. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alipita uwanjani akitoka kazini. Akaingia nyumbani mikono kichwani. Akasema kuanzia leo Bibi hakanyagi kule. Bibi akasema leo hakwenda kwa kuwa alikuwa zahanati, lakini tangu aanze kuukanyaga uwanja ule hajaona hata mjusi wa maana. Mama akapandisha sauti: "Mama, tangazo lipo! Tena limepigiwa mstari!"

Mstari wangu.

Nimekula bila kujua ninakula nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Bibi ameshinda uani juu ya kigoda, anachambua mchele. Raba za Babu amezivaa hivyohivyo. Niliporudi shule nilimkuta anausugua mguu. Nikamwuliza unauma? Akasema mguu ni kama mbuzi, usipoutoa malishoni unasahau njia. Akacheka. Mimi sikuweza.

Nikakimbia uwanjani, nikang'oa tangazo, nikalificha nyuma ya pipa la maji. Nikamwendea Mama nikamwarifu kwamba tangazo limeondolewa, kwa hiyo bila shaka nyoka wamehama. Mama akasema lililoondoka ni tangazo; nyoka wapo palepale, ila sasa wapo bila tangazo, na hiyo ni hatari zaidi. Hoja nzito.

Mara, hodi! Kamusi. Hajawahi kufika kwetu. Amekuja kunirudishia rula yangu. Ameiokota uwanjani, pembeni ya shimo la tangazo! Akamwamkia Bibi, akamwamkia Mama, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kusomea habari gwarideni kwamba pale hakuna nyoka. Tumefyeka kila pembe, tungewaona. Na katika mtaa huu wote, akasema, hakuna mwingine anayeweza kumwambia binadamu "tafadhali" kwa niaba ya nyoka.

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama pipa. Mama akalizunguka pipa.

Sitaandika yote aliyosema. Nimeosha masufuria yote, hata yaliyokuwa safi. Bibi alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Alipomaliza kujifuta machozi akaniita karibu. "Mke mwenza," akasema, "ukitaka kunisaidia, niulize kwanza. Mdomo bado ninao. Uliokufa ganzi ni mguu."

Mama akaniongezea adhabu ya pili: nimsindikize Kamusi kwao. Kwao ni chumba kimoja nyuma ya duka la kinyozi. Wanakaa yeye, mama yake, wadogo zake, na mjomba wake aliyewahifadhi. Pazia katikati. Mama yake hufagia wodi hospitalini. Mikono yake inanuka dawa. Alinikaribisha kwa furaha, nikakaa kitandani kwa sababu ndicho kiti. Akanieleza kwamba wamekubaliwa kupewa nyumba moja kati ya zile za uwanjani. Alilirudia neno "jiko" kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Jiko lenye mlango wake! Hajawahi kuwa nalo.

Nje, chini ya dirisha la kinyozi, palikuwa na ndoo imepinduliwa, na juu yake madaftari ya Kamusi. Taa ya kinyozi ndiyo taa yake. Kinyozi akifunga mapema, masomo yamekwisha.

Nafasi ya kwanza. Juu ya ndoo! Mimi nina meza, na taa, na kiti chenye mto.

Nilikuwa nimekusudia kumchukia hadi mtihani wa mwisho. Hata hilo limeharibika. Na sasa sijui hata niombe nini. Nyumba zikijengwa, Bibi hana pa kutembea, na mguu utasahau njia. Zisipojengwa, Kamusi anabaki na ndoo. Nimejaribu kuchora mkakati unaowatosha wote wawili. Karatasi imetoboka kwa kufutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo lazima niandike vizuri. Leo nimeona jambo.

Walimu wana kikao, hatukusoma. Mama akanituma nimsindikize Bibi uwanjani. Tukamkuta mpima ardhi ameketi juu ya sanduku la chombo chake, mikono shavuni. Alipomwona Bibi akasimama, akavua kofia. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Jino?" Linauma. "Na mama yako, kifua chake?" Kimepoa. Kumbe hawa tayari ni marafiki! Tangu mpima aje, kila Bibi anapopita mbele ya chombo, kazi husimama, kofia huvuliwa, na Bibi hauachi mlolongo wa salamu hadi ameumaliza ukoo mzima.

Bibi akamwuliza leo ana nini. Akasema mkutano wa mtaa wa kupitisha ramani ni kesho, na ramani yake ina pengo. Sheria ya kazi yake ni kuchora kila kitu alichokikuta kipo: mti, kisima, njia inayopitwa. Jumatatu aliiona njia ya Bibi waziwazi, pete nyekundu katikati ya nyasi, akasema ataichora akishapanga vigingi vya pembeni. Kisha wakaja wale watoto wema (alinitazama kwa upendo!) wakafyeka kila kitu. Nyasi zilizokatwa na vumbi vimetapakaa, upepo umepita, na kwa siku mbili hakuna aliyekanyaga. Sasa hajui njia inaanzia wapi na inaishia wapi. Isiyoonekana haichorwi. Isiyochorwa, safu moja ya nyumba itakaa juu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkakati wa kwanza ulikuwa umeifuta njia ya Bibi. Wa pili ulikuwa umemzuia kuirudisha.

Nikamtazama Bibi nikingoja gharika. Hakunigombeza. Alimwuliza mpima kama hicho chombo chake kinaweza kuona mstari mwembamba. Akajibu kinaona hata unywele. Bibi akakaza kamba za raba.

"Basi nifuate," akasema.

Akatembea. Mkongojo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto ukiburuzwa. Na pale ulipoburuzwa, ukasukuma nyasi kavu kando, ukakwaruza vumbi, na nyuma yake ukabaki mstari. Mmoja. Mwekundu. Ulinyooka pale njia iliponyooka, ukapinda pale ilipopinda, bila Bibi kuangalia chini hata mara moja. Mguu ule ambao sisi wote tuliuona mbovu ulikuwa unaandika.

Mpima akafuata na nyundo. Mimi nikabeba vigingi. Kila baada ya hatua kadhaa, ko! ko! ko! kigingi juu ya mstari. Akanieleza kwamba vitakaa hapo hadi wajenzi waje, maana mstari wa vumbi upepo huufuta, lakini kigingi hakihamishwi na upepo.

Kwenye goli la mbali Bibi akasimama. Shingo imelowa jasho. Mguu unatetemeka, siku mbili bila kutembea zilikuwa zinadai deni lao. Nikamwambia, Bibi, tupumzike, tumalizie jioni. Akasema kalamu haipumziki katikati ya neno. Akaendelea. Sikuthubutu kumshika mkono. Nilitembea karibu naye tu, nimebana pumzi, kana kwamba pumzi yangu ingemwangusha.

Alipofika tulipoanzia, kisigino chake kilitua juu ya mwanzo wa mstari wake mwenyewe. Pete imefungwa. Mpima ardhi akavua kofia na hakuirudisha. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuchorewa mstari namna ile. Bibi akasema asante, lakini kesho kutwa akang'oe hilo jino.

Kisha akaomba kuchungulia kwenye chombo. Akakizungusha, akakizungusha, akaukuta ua wetu. Akatangaza kwamba nimeanika sare yangu kwa kola, na ndiyo maana ina shingo kama ya twiga.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano ulifanyika palepale uwanjani. Mwenyekiti wa mtaa, afisa wa ardhi, mpima, na watu wengi wamesimama. Mimi nilikuwa na hotuba. Nikaomba nafasi, nikaanza kwa kumtambulisha Bibi. Ili maneno yawe na uzito, nikamtambulisha kama bingwa wa zamani wa mbio katika uwanja huu.

Vigelegele! Bibi akainua mkongojo, akasubiri kelele zitulie. Akashukuru sana. Akasema ila yeye hajawahi kukimbia maishani, hata mvua huwa anaisubiri imfikie. Kazi yake hapa ilikuwa kufua jezi za timu. Na mfuaji, akasema, anajua kuliko refa: anajua nani alianguka, nani alipigania mpira, na nani alisimama tu anapunga mikono. Akamgeukia mwenyekiti wa mtaa, ambaye zamani alikuwa winga. "Wewe, baba, jezi yako ilikuwa inarudi safi sana."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, alikuwa hana njia nyingine. Hotuba yangu ikafia hapo.

Mpima akatandaza ramani mezani. Afisa wa ardhi akaweka kidole juu ya ile pete na kuuliza nani ameomba barabara hii izunguke nyumba zote. Mpima akasema hakuna aliyeomba. Ni njia. Ipo, inapitwa, ameikuta, na kilichopo hakifutwi. Mwenyekiti akasema basi safu moja ya nyumba imekosa mahali.

Nikamwona mama yake Kamusi. Alimvuta tu mtoto wake mdogo karibu, kama mtu aliyezoea kuambiwa nafasi zimejaa.

Kamusi akanyoosha mkono, kama yuko darasani. Akauliza kwa nini safu hiyo isihamie pale lilipo jukwaa, ambako siku hizi watazamaji ni mbuzi peke yao. Afisa akamtazama mpima. Mpima akachukua rula, akapima, akapima tena. Ikaenea! Yote! Afisa akasema mbele ya watu wote kwamba ramani ipite hivyo: nyumba ndani, jukwaa livunjwe, njia ya Bibi ibaki inazunguka. Mama yake Kamusi akakaa chini palepale, vumbini.

Nilipiga makofi hadi malengelenge ya Jumanne yakapasuka. Nikampigia Kamusi pia. Swali lake lilikuwa fupi, na halikuwa na methali hata moja.

Baadaye wanetiboli wakajitokeza, maana habari za nyoka zilikuwa zimefika kila nyumba pamoja na jina la aliyewaumba. Wananiita Mama Nyoka. Tukacheza mechi ya mwisho kati ya magoli yasiyo na nyavu. Kamusi alifunga mabao yote. Mimi nilidaka moja kwa pua. Bibi alisema jezi yangu ina vumbi la kutosha.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya kutafakari. Mwalimu husema shajara isiyo na funzo ni kelele za mtu mmoja. Funzo la juma hili nimeliandika kwa herufi kubwa: UKITAKA KUMSAIDIA MTU, MWULIZE KWANZA. Nimepigia mistari miwili kwa rula. Sitalisahau maisha yangu yote.

Asubuhi Bibi alimaliza mzunguko, akaanza wa pili kwa kiburi tu, akijua mpima amekwenda kung'oa jino na hakuna wa kumsalimia. Nilitembea nyuma yake. Mstari wake bado unaonekana vizuri kati ya vigingi. Natamani siku moja na mimi nifanye jambo moja tu lililonyooka vile.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Nyumba hazitamalizika kesho wala mwezi ujao. Mpaka hapo, Kamusi atasomea juu ya ndoo. Haiwezekani! Mtu wa kwanza darasani, tena rafiki yangu (hilo bado sijamwambia), asome amejikunja kama ndoana chini ya dirisha la kinyozi. Nimeamua kumtengenezea meza. Kimyakimya. Atashtukia tu ana meza!

Ubao ninao: ule wa nyoka. Upande wa pili hauna maandishi, na ukipigwa brashi unang'aa. Misumari nimeipata kwenye kopo la Mama. Kilichonitesa ni miguu. Nimezunguka mtaa mzima, kwa seremala, jalalani, nyuma ya maduka. Hakuna.

Kisha jioni hii nikapita uwanjani, na bahati ikanipungia mkono. Mbao safi! Zimenyooka, zinafika magotini, na vichwa tayari vimepakwa rangi. Zimesimama tu pale kwenye njia ya Bibi, hazina kazi yoyote.

Nimeng'oa nne.